Arsenal: Msiniambie "majeraha" tena, semeni ukweli kuwa hatukusajili straika

Wakuu,

Naandika hii Juni 2025. Ligi Kuu ya Uingereza ya 2024/25 imeisha, tumeshika nafasi ya pili kwa mara ya tatu mfululizo, na kila shabiki mwenzangu ninayemgusa ana jibu lile lile mdomoni: majeraha. Eti Saka asingeumia, Jesus asingeumia, Havertz asingeumia, Gabriel asingeumia, sasa hivi tungekuwa tunapiga picha na kombe. Nakataa. Majeraha yalikuwepo, tena ya kutosha, na wala sibishi hilo. Ninachobisha ni hii tabia ya kuyazungumzia kama mvua iliyoshuka bila wingu. Wingu lilikuwepo tangu Agosti na kila mtu aliliona.

Kwanza tazameni msimamo, maana watu wanaongea tu bila kufungua jedwali. Msimu wa 2023/24 tulifunga mabao 91 kwenye ligi, tukamaliza na pointi 89. Msimu huu wa 2024/25 mabao 69, pointi 74. Huko nyuma hakukuwa na tatizo. Tumefungwa 34 na hakuna timu iliyofungwa machache kuliko sisi. Tumepoteza mechi 4, sawasawa kabisa na Liverpool waliobeba ndoo. Tofauti yetu na wao ni sare: sisi 14, wao 9. Zile sare 5 za ziada wangekuwepo watu wa kuzigeuza ushindi, hizo ni pointi 10, na wao wametuzidi pointi 10 kamili. Hatukukosa beki wala kipa. Tulikosa mtu wa kusukumia mpira wavuni dakika ya 80 wakati wapinzani wamejazana kwenye boksi lao.

Sasa nani alituweka hapo? Majira ya joto ya 2024 tulimuuza Nketiah kwa Crystal Palace, tukamuuza Smith Rowe kwa Fulham, Nelson naye akapelekwa huko huko Fulham kwa mkopo. Watatu wa mbele wametoka. Akaingia nani? Sterling, kwa mkopo, siku ya mwisho ya dirisha, mtu ambaye Chelsea walishamwambia hana nafasi. Kwenye ligi hajafunga hata bao moja. Bao lake pekee kwetu alilifunga kwenye Carabao, yaani Kombe la Ligi, dhidi ya Bolton. Simlaumu yeye, alikuja pale alipoitwa. Namlaumu aliyekaa mezani akaangalia orodha ya washambuliaji na kuona inatosha kwa mechi 58, maana ndizo tulizocheza.

Na orodha yenyewe ilikuwaje? Jesus, ambaye goti lake lilianza kumsumbua tangu Kombe la Dunia la 2022, akafanyiwa upasuaji, na toka hapo hajawahi kuwa yule wa miezi yake ya kwanza. Havertz, ambaye tulimsajili kama kiungo, tukamgeuza namba tisa, akajituma mpaka basi. Huyo ndiye kinara wetu wa mabao ya ligi, ana 9. Tisa! Salah wa Liverpool peke yake amefunga 29. Timu inayotaka ubingwa wa Uingereza, kinara wake ana mabao tisa, halafu tunakaa kulaumu misuli ya watu.

Nije kwa Saka, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Huyu mtoto aliwahi kucheza mechi 87 za ligi mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi ya klabu kwenye zama hizi za Premier League, na tulikuwa tunaishangilia! Tuliweka picha, tukamwita chuma. Hakuna aliyeuliza kwa nini winga anayepigwa viatu kila wiki hapumziki hata tukiwa tunaongoza mabao matatu. Jibu tunalijua: nyuma yake hapakuwa na mtu ambaye kocha anamwamini. Tarehe 21 Desemba 2024, pale Selhurst Park, uwanja wa Crystal Palace, katikati ya kipindi cha kwanza, akashika nyuma ya paja akakaa chini. Mechi ile tulishinda 5-1, Jesus akafunga mawili, lakini mwenzenu nilikuwa namwangalia Saka anaondoka uwanjani na magongo. Upasuaji. Amerudi tarehe 1 Aprili dhidi ya Fulham, akafunga, na mechi ile ile beki Gabriel Magalhães akashika paja lake naye, msimu wake ukaishia hapo. Anarudi mmoja, anatoka mwingine.

Hili la misuli ya nyuma ya paja si la kwetu peke yetu na wala si siri. Utafiti wa UEFA wa majeraha kwenye klabu kubwa, ule wa mtafiti Ekstrand na wenzake, umefuatilia tangu msimu wa 2001/02, na unaonesha kwamba mwanzoni majeraha ya msuli huu yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Kufika 2021/22 yalikuwa asilimia 24. Mara mbili. Na hapo ni kabla UEFA haijaongeza mechi za hatua ya ligi kutoka 6 hadi 8 msimu huu. Sasa klabu yenye madaktari, wataalamu wa viungo na vifaa vya kupimia kila hatua ya mchezaji haikujua haya? Inajua. Ukijua kwamba misuli itachanika, kazi yako ni kuwa na mtu wa pili. Usipokuwa naye umecheza kamari, na ukiliwa usiseme ni bahati mbaya.

Januari ndiyo iliyonimaliza kabisa. Tuhesabu pamoja. Saka kaumia tarehe 21 Desemba. Tarehe 12 Januari, Kombe la FA dhidi ya Manchester United, Jesus akachana kano ya goti, ile ACL ambayo mchezaji akiisikia tu anajua mwaka umekwenda, na sisi tukatolewa kwa penalti. Dirisha dogo lilikuwa linafungwa tarehe 3 Februari. Wiki tatu nzima! Wiki tatu za kutafuta mshambuliaji mmoja, hata wa mkopo, hata mzee. Tukapeleka ofa moja kwa Aston Villa ya kumtaka Watkins, wakatukatalia, basi tukakunja jamvi. Hakuna aliyesajiliwa. Tarehe 5 Februari Martinelli akaumia pale Newcastle, siku tuliyotolewa Carabao kwa jumla ya mabao 4-0. Siku chache baadaye timu ikaenda Dubai kutafuta jua na kupumzika, Havertz akaumia paja mazoezini. Naye akafanyiwa upasuaji. Huko Dubai tulikwenda kupumzika jamani.

Kwa hiyo tarehe 15 Februari tunaingia Leicester na safu ya mbele ya Nwaneri, kijana wa miaka 17, Trossard na Sterling. Mechi ikagoma. Dakika ya 69 kocha akamwingiza Mikel Merino, kiungo, akacheze kama straika. Dakika ya 81 krosi ya Nwaneri, kichwa, bao. Dakika ya 87 la pili. Watu wakaruka, mimi pia niliruka, siwezi kudanganya. Lakini siku hiyo hiyo, Manchester City waliifunga Newcastle 4-0 na aliyepiga mabao matatu alikuwa Marmoush, mshambuliaji waliyemnunua kwenye dirisha lile lile la Januari ambalo sisi tulisema hakuna mtu sokoni.

Tena hao City ndio mfano wa kuwapelekea wote wanaosema "majeraha yakija huna la kufanya." Septemba 2024 kiungo wao Rodri alisema wachezaji wanakaribia kugoma kwa wingi wa mechi, siku chache baadaye akachana goti akicheza dhidi yetu. Timu ikaporomoka, wakapigwa mpaka huruma. Ila Januari ilipofika walinunua wanne, wakajizoazoa, wakamaliza wa tatu na nafasi yao ya UEFA wameipata. Makombe makubwa hawajabeba, sawa, lakini walifanya kitu. Au rudini Real Madrid msimu wa 2023/24: kipa Courtois kaumia goti, beki Militão goti, beki Alaba goti, wote ndani ya miezi mitano. Wakachukua La Liga na Ligi ya Mabingwa. Kule nusu fainali dhidi ya Bayern aliyewaokoa ni Joselu, straika wa mkopo aliyetokea benchi akafunga mawili dakika za mwisho. Joselu! Hatuongelei Mbappé hapa. Tunaongelea mtu mmoja wa benchi anayejua kazi yake.

Sisi tulimgeuza kiungo. Na wiki moja baada ya sherehe za Leicester, West Ham wakaja nyumbani kwetu, Merino akaanza mbele, tukafungwa 1-0 kwa kichwa cha Bowen, beki wetu Lewis-Skelly akapewa kadi nyekundu, halafu tukaenda Nottingham Forest tukatoka 0-0. Mbio za ubingwa zikafia hapo, Februari. Liverpool walikuja kutangazwa Aprili tu kwa sababu kalenda ndivyo ilivyo.

Ninajua mtakuja na Real Madrid ya mwaka huu. Kwamba tuliwapiga 3-0 nyumbani, Rice na mipira yake miwili ya adhabu, tukaenda kwao tukashinda 2-1, na majeruhi wote hao. Nilifurahi kuliko mtu yeyote, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kocha Arteta aliwapanga vizuri sana usiku ule. Lakini nusu fainali dhidi ya PSG ikaonesha pengo lilipo. Nyumbani 0-1, hatukufunga. Kule Paris tumeanza kwa kasi, kipa wao Donnarumma akatoa michomo ambayo hata yeye sijui aliitoaje, na mbele kabisa kasimama nani? Merino. Kiungo yule yule. Wao wakaingia wakamaliza kazi, 2-1. Saka alipofunga letu na dakika chache baadaye akapaisha mpira juu ya mwamba akiwa hatua chache na goli, nilisikia watu wanamtukana. Mtu ametoka kwenye upasuaji wa paja, hana hata miezi miwili uwanjani, amebebeshwa timu nzima, halafu mnamtukana yeye?

Na hii si mara ya kwanza, ndiyo maana nimechoka. Machi 2023 tuko kileleni, Saliba akaumia mgongo dhidi ya Sporting, Tomiyasu akaumia mechi ile ile. Beki wa kati wa akiba akawa Holding. Tukatoka sare na Liverpool, West Ham na Southampton mfululizo, tukaenda City tukala 4-1. Msimu ule tulisema nini? Majeraha. Enzi za kocha Wenger tulisema nini tulipokuwa na akina Diaby, Rosický na Wilshere wanaishi kwa daktari kuliko uwanjani? Majeraha. Mpaka msimu huu wa 2024/25 unaisha, ubingwa wetu wa mwisho wa ligi ni 2004. Kombe la mwisho kubwa ni FA ya 2020. Kuna watu hapa wameoa, wana watoto wanaokwenda shule, hawajawahi kuiona hii timu ikiwa bingwa wa Uingereza.

Msimu ujao wa 2025/26 basi. Kwa mara ya kwanza hali imetukalia vizuri bila sisi kufanya lolote. Chelsea na City wanakwenda Marekani mwezi huu wa Juni 2025 kwenye Kombe la Dunia la Klabu, mashindano mapya ya timu 32, wachezaji wao watakula likizo nusu nusu. Sisi hatumo. Saka, Rice, Saliba, Gabriel watapumzika. Mkurugenzi mpya wa michezo, Andrea Berta, amekuja Machi na dirisha lote la kiangazi liko mbele yake. Kisingizio cha kwamba hakuna muda hakipo tena.

Sitaki jina la kutikisa mitandao. Nataka straika ambaye hiyo ndiyo kazi yake tangu utotoni, na awepo kabla ya ziara za maandalizi, si siku ya mwisho saa tano usiku. Nataka winga wa kulia ambaye Saka akikaa benchi dhidi ya timu ya mkiani, hakuna anayeshika kichwa. Nataka kocha aache kumchezesha mtu dakika 90 tukiwa tumeshinda mechi. Na nahodha Ødegaard, ambaye kifundo chake cha mguu kiliumia Septemba akiwa na Norway akakosa miezi miwili, apate msaidizi wa kweli, maana kipindi kile tulicheza kama timu isiyojua mpira unapita wapi.

Wakifanya hayo halafu wakaumia watu sita, nitakuja hapa hapa kuwatetea. Wakiingia Agosti na Havertz na Jesus anayejiuguza kama ndio safu ya ushambuliaji, msije kunilialia Desemba.

Anayebisha aje. Ila aje na majina: Januari ile, nani alikuwa straika wetu wa tatu?