Van Rysselberghe na nukta zake: alikomaa au aliipoteza bahari?

Wakuu, nileteeni hoja. Théo van Rysselberghe, mchoraji Mbelgiji wa Ghent aliyezaliwa 1862, alianza na sura za watu na rangi nzito, kisha safari za Morocco zikamfundisha mwanga. Mwaka 1886, jijini Paris, akakutana na ile picha kubwa ya mchoraji Mfaransa Seurat, ya kisiwa cha Grande Jatte, iliyochorwa kwa nukta tupu za rangi. Inasimuliwa kwamba alipandwa na hasira akavunja fimbo yake mbele ya picha. Kufika 1889, yeye mwenyewe anachora bahari ya Bretagne, pwani ya Ufaransa, kwa nukta!

Msimamo wangu: hapo ndipo alipofika kileleni. Itazameni ile picha ya baharia aliyeshika usukani, ya 1892, iliyoko makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Mtu kasukumwa pembeni, mawimbi yametawala. Ukisogea ni vidoa vya rangi tu, ukirudi nyuma maji yanachafuka. Halafu kufikia 1910 hivi kaziacha nukta, na 1911 kahamia Saint-Clair, kusini mwa Ufaransa. Brashi ikawa pana, wanawake wanaoga, bahari imebaki pazia nyuma yao. Kwangu huko ni kushuka.

— Mkuu, unamwonea. Seurat alifariki 1891 akiwa na miaka 31, hakupata nafasi ya kuzichoka nukta zake. Pissarro, mchoraji mwenzao, mzee mzima, alizijaribu akaziacha kwa sababu kazi ilikuwa haiendi. Van Rysselberghe alizivumilia miaka ishirini. Ulitaka azeeke akidonoa turubai?

— Naongezea hapo. Mleta mada anasema kana kwamba nukta na bahari ni kitu kimoja. Mbona mwaka 1888, kabla ya hayo mawimbi, alishamchora Alice Sèthe kwa nukta, gauni la buluu linang'aa? Alitafuta mwanga, popote ulipo. Kule kusini akaupata kwenye ngozi za watu. Kubadilika si kushuka, jamani.

— Alice Sèthe nakubali, gauni lile halina mpinzani. Na miaka ishirini ni mingi kweli, sibishi. Ila mnatetea haki yake ya kubadilika, ambayo mimi sijaigusa. Nimeuliza juu ya picha zenyewe. Nileteeni moja tu ya bahari aliyoichora baada ya 1911 inayoweza kutundikwa kando ya baharia wa Orsay bila kufifia.