Sosholojia na anthropolojia, tofauti iko wapi?

Wadau habarini, mdogo wangu anaomba chuo kakwama kati ya hizi kozi mbili, mi naona zote zinasoma jamii tu, au?

— Zinatofautiana zaidi kwenye namna ya kufanya kazi mkuu. Mwanaanthropolojia Malinowski kati ya 1915 na 1918 alikaa visiwa vya Trobriand (huko Papua New Guinea), akajifunza lugha yao, akafuatilia wanavyopeana mikufu na bangili za makombe ya baharini toka kisiwa hadi kisiwa, hiyo ndo anthropolojia. Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, 1897 yeye alichukua takwimu za watu kujiua Ulaya akalinganisha Wakatoliki na Waprotestanti, hiyo sosholojia.

— Hata Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London kwa huyohuyo Malinowski, akaandika kuhusu Wakikuyu wenzake. Ila siku hizi zimeingiliana sana, wanasosholojia nao wanaenda kukaa mtaani.