Peugeot 404 kwenye rali ya wikiendi Dar–Lushoto, itapanda zile kona za Mombo?

mtoto_wa_404: Wakuu habari za saa hizi. Klabu yetu ya magari ya zamani ina rali wikiendi ijayo, Jumamosi alfajiri tunatoka Dar tunapita Chalinze, Segera, Mombo halafu tunapandisha Lushoto kulala, Jumapili tunashuka. Mimi nina 404 ya marehemu mzee, injini ile ya 1618 cc ya kabureta, imefanyiwa ovahoo na mjini inatembea freshi tu, ila nikikwama kwenye foleni ya Ubungo mshale wa joto unapanda mpaka moyo unaenda mbio. Sasa ule mlima wa Mombo mpaka Soni itauweza au nikaaibike mbele ya wenye VW za zamani za kupozwa na upepo, wasiojua hata maji ya rejeta ni nini? Halafu mama watoto anauliza kama ni mashindano ya kukimbizana maana na yeye anataka kuja na wanangu.

fundi_mstaafu: Mlima wala usikutishe, wewe umeshajijibu hapo kwenye foleni. Gari inayochemka ikisimama na kupoa ikitembea angalia feni kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Feni ya 404 haizunguki na injini muda wote, pale kati kuna sumaku ya umeme, maji yakipata moto swichi inapeleka umeme, sumaku inaikamata feni ndo inaanza kuvuta upepo. Kile kikaboni kinachopeleka umeme kikiisha feni inabaki kuzunguka kivivu tu, ukiitazama utadhani inafanya kazi. Vijana wengi wa gereji siku hizi hawajawahi kuiona hiyo kitu, watakuuzia rejeta nzima na joto litabaki palepale. Washa gari iache ingurume imesimama bila kukanyaga mafuta mpaka mshale upande, fungua boneti usikilize, ikishika utasikia mvumo umebadilika kabisa. Usilipuuze hili, silinda hedi yake ni alumini, ikichemka sana inapinda.

dada_wa_soni: Mimi kwetu ndo hukohuko, wageni wote wanaogopa kupanda lakini kinachowaumbua ni kushuka. Kupanda utaenda na gia ya pili taratibu, watu watakupita, waache wapite. Jumapili sasa, kama 404 yako ni ya zile za mwanzo zenye dramu pande zote usishuke huku umekanyaga breki mwanzo mwisho, zikipata moto pedali inakuwepo lakini gari haisimami. Shuka na gia ileile uliyopandia, injini ikushike. Na mafuta ya breki badilisha kabla hujaondoka Dar, usiongezee juu ya yale ya zamani. Kwenye kona piga honi, barabara ni nyembamba na Fuso za mboga huwa zinachukua kona yote kama ya kwao.

Kona_Kali: 404 unaiulizia mlima mkuu? Hiyo gari imebeba Safari Rally mara nne, 1963 na 1968 na Nick Nowicki, 1966 na 1967 na Bert Shankland, tena Shankland alikuwa mkazi wa hapahapa Tanzania. Hiyo 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu kila mwaka! Halafu wewe unaogopa Soni yenye lami.

fundi_mstaafu: @Kona_Kali usimjaze upepo mwenzio, za Shankland zilikuwa za injeksheni, petroli inapulizwa kwa pampu bila kabureta, na zilikuwa na mafundi nyuma yake, hii ni ya kabureta ina watoto ndani.

Kona_Kali: Sawa mzee 😂 ila kuhusu shemeji, mwambie hakuna kukimbizana. Rali hizi za magari ya zamani mara nyingi mnapewa muda wa kufika kila kituo, ukichelewa unakatwa pointi na ukiwahi pia unakatwa, kwa hiyo mwenye gari kali hana faida yoyote. Yeye mpe saa na karatasi ya njia awe navigeta, watoto wahesabu nguzo za kilomita. Na matrafiki wa kwenye 50 wale hawajali gari yako ni ya mwaka gani.

dada_wa_soni: Beba na dumu la maji pamoja na kitambaa. Joto la Mombo mchana petroli inageuka mvuke kabla haijafika kwenye kabureta, gari inazima na stata inapiga bure. Lowesha kitambaa uzungushie pampu ya mafuta, subiri kidogo, itawaka. Ila mkitoka Dar alfajiri kweli huenda msikutane na hilo.

mtoto_wa_404: Aisee fundi umejuaje! Jana jioni nimefanya ulivyosema, mshale umepanda feni wala haijabadilika sauti, kufungua nakuta kikaboni kimeisha kabisa. Kariakoo yote leo wananiangalia kama naulizia meno ya mamba. Kuna njia nyingine au niwaage tu?

fundi_mstaafu: Usiage mtu. Chukua kaboni ya altaneta isugue na msasa taratibu mpaka iingie bila kubana, iwe inateleza yenyewe kwenye nyumba yake, springi ya zamani irudishe. Na kama itagoma njiani, kwenye kitovu cha feni kuna skrubu tatu zenye nati, zikaze sawasawa zote mpaka feni ishikane moja kwa moja, itakula nguvu na kupiga kelele lakini Lushoto utafika. Kwa hiyo spana ya hizo nati iweke mbele, usiizike chini ya mabegi ya mama watoto.

mtoto_wa_404: Nimeshanunua msasa.