Mko Paris, mna usiku mbili za treni: London, Amsterdam au Brugge?

Mzururaji: Wakuu, tutafikia Paris, watu wazima wawili na watoto wa miaka 3 na 9. Pasipoti zote za Tanzania. Tunataka kuchomoka usiku mbili kwa treni halafu turudi. Wapi panatufaa?

Kisiki: Kabla ya bei, tazama stika ya viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo), pale panapoonyesha idadi ya kuingia. Ikiwa ni 01, London futa. Ukivuka kwenda Uingereza umeshatoka Schengen, na kurudi Paris huwezi. Inatakiwa 02 au MULT (kuingia mara nyingi), tena kila mmoja, hata huyo wa miaka 3, awe na viza ya Uingereza. Safari ni saa mbili na robo hivi, lakini Wafaransa na Waingereza wote wanakagua pasipoti palepale Gare du Nord, stesheni ya Paris, na geti hufungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka.

BintiReli: Amsterdam ni kama saa 3 na dakika 20 kwenda, na hizohizo kurudi. Kwa usiku mbili ni nyingi. Na kama mnaitaka nyumba ya Anne Frank (makumbusho ya binti Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita), tiketi ni za mtandaoni tu, hutoka kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele.

Mzee wa Behewa: Nendeni Brugge, Ubelgiji. Eurostar, treni ya kasi, hadi stesheni ya Brussels-Midi ni saa moja na dakika 22. Mkishuka, treni ya Oostende, inayopitia Brugge, mnaipanda jukwaa jingine la stesheni hiyohiyo, saa moja mmefika. Ubaoni Midi ni Zuid pia, msibabaike.

BintiReli: Naongezea. Eurostar, aliye chini ya miaka 4 hapakatwa bure, hana kiti. Hadi Brussels anapakatika. Treni za ndani Ubelgiji, chini ya miaka 12 halipi akiwa na mkubwa, na tiketi ya kawaida hupandia treni yoyote ya siku hiyo, kwa hiyo Eurostar ikichelewa kwenda hakuna hasara. Hatari iko kurudi: Eurostar ina kiti na saa yake. Tokeni Brugge mapema, mbaki na saa nzima ya akiba Brussels.

Mzururaji: Kigari cha mtoto?

Mzee wa Behewa: Cha magurudumu makubwa. Kutoka stesheni hadi uwanja wa Markt ni dakika 20 kwa miguu, na mjini ni mawe matupu. Vigurudumu vidogo hunasa. Mnara wa Belfort una ngazi 366, mdogo abaki chini.