Redio moja ya HF ya nyumbani na ya kupanda nayo mlimani, nichukue ipi?

mluguru_hewani

Wakuu habari za saa hizi, wakubwa zangu shikamooni. Nipo Morogoro mjini, mambo ya leseni ya redio ya ridhaa (ile ya kuongea hewani kwa kupenda tu, sio biashara) naendelea kuyafatilia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na wakati huohuo nataka nianze kujipanga na mashine yenyewe maana hela siipati kwa mkupuo. Saivi nina redio ya mkononi ya Baofeng UV-5R tu na kwa huku niliko ni kimya mwanzo mwisho, hakuna ripita (kituo cha kupokea sauti na kuirusha tena) ninayoifikia, alafu mimi hamu yangu ni HF, yale mawimbi mafupi yanayofika mbali. Nataka nikiita nisikike Dar, Dodoma, Mwanza kwa sauti, na siku bendi ikifunguka, yaani mawimbi yakisafiri mbali, nitoke nje ya nchi kabisa.

Hali yangu iko hivi. Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba hana shida na waya ila mlingoti mkubwa hataki, nyuma kuna mwembe mmoja mrefu na uwanja wa kiasi. Umeme wa Tanesco ukikatika nategemea sola, betri ni N70 ya maji. Wikiendi napanda Uluguru, mara nyingi naishia Morningside, nikiwa na pumzi nafika mpaka Lupanga, na huko ndo natamani niende na redio mgongoni. Kwaiyo nataka moja ifanye kazi zote mbili, uwezo wa kununua mbili sina.

Nilizoangalia ni Xiegu G90 ya wati 20, hii bajeti inaifikia. Yaesu FT-891 ya wati 100, hii mpaka nijibane. Icom IC-7300, hii labda mwakani. Kila ninaposoma watu wanabishana wati tu. Wati 20 kweli zitanitoa Morogoro zinifikishe Mwanza au nivumilie nifike kwenye 100? Nawasilisha.

Kitangiri73

Marahaba mdogo wangu, karibu sana, tunahitaji vijana hewani.

Tuanze na hizo wati. Kutoka 20 kwenda 100 ni mara tano, lakini kwa anayekusikiliza hio ni desibeli 7, na mita ya S (kipimo cha redio cha nguvu ya mawimbi) inahesabu desibeli 6 kwa kila pointi moja. Yaani kama kwa G90 unasikika S7, kwa 891 na waya uleule utasikika S8 na ushee kidogo. Ndo tofauti yote hio. Sisemi haina maana, inakuokoa pale unapokuwa umelingana na kelele, na sisi huku karibu na ikweta radi za jioni kwenye bendi za mita 80 na mita 40 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi) zinanyanyua kelele haswa, usiku wa masika mwenye wati 100 atamaliza maongezi mwenye 20 akiwa bado anarudia jina lake. Ila mchana, kwa safari unazozitaja, 20 zinatosha bila wasiwasi.

Kitakachokufikisha Mwanza ni waya. Chukua daipoli, antena ya waya inayolishwa katikati, ya bendi ya mita 40, gawanya 143 kwa masafa ya megahetsi, kwa 7.1 unapata kama mita 20 jumla, kila upande 10. Katikati nyanyua kwenye mwembe mita 6 au 7, ncha mbili zishuke pembeni kama V iliyopinduliwa. Utaambiwa ipo chini sana, usijali, kwa ndani ya nchi ndo unavyotaka, ikiwa chini hivyo inatupa mawimbi juu karibu wima yanarudi ardhini kote kuizunguka, Dar na Dodoma zote zimo, na huku Mwanza ambako kwa mstari ni kama kilometa 700 unaingia vizuri tu mchana. Ukiinyanyua juu sana unaanza kuruka majirani.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hakuna anayekwambia, nacho ni hio N70. Betri ya maji ikiwa imepumzika inasoma 12.6, ukianza kuivuta jioni inashuka kwenye 12 na chini. FT-891 na IC-7300 zimetengenezwa kwa volti 13.8, zikishuka chini ya 11.7 umetoka nje ya kipimo chake, na kwa nguvu zote zinataka ampia 20 na zaidi kila unapobonyeza kuongea. Volti zinaanguka, sauti inakwaruza, mara redio inajizima katikati ya sentensi. G90 inakubali kuanzia volti 10.5 mpaka 16.5, ikisikiliza inakula nusu ampia, ikirusha kwa nguvu zote ni kama 8. Kwa mtu anayeishi kwa sola hapo uamuzi umeshakamilika mimi naona. Alafu ina tyuna (kifaa cha kuilinganisha redio na antena) ndani, na tyuna yake ni kali kweli, inakubali waya wowote utakaoufunga mlimani. 891 haina, kwaiyo ukijibana mpaka ukaipata bado una deni la tyuna.

Mabaya yake pia uyajue. Feni inavuma muda wote, usiku chumba kikiwa kimetulia utaisikia. Mita 6 haina. Na ukitaka FT8 (mtindo wa kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta) haina kadi ya sauti ndani, itabidi ununue kisanduku cha DE-19 au kinachofanana nacho, na ushushe wati mpaka nusu hivi maana FT8 inarusha mfululizo na redio inachemka. Ila kwa hilo usiikimbilie 891, nayo USB yake haibebi sauti.

SautiYaNgong

Niaje wadau. Niko Nairobi, naishi kwa flat na caretaker hataki kuona waya kwa paa, so mimi naongea kutoka upande mwingine kabisa. Nakubaliana na mzee wa Mwanza kwa mambo ya betri lakini mbona hakuna ametaja IC-705? Hiyo ndio redio ya kubeba, betri iko ndani, unapata wati 5 na betri yake na wati 10 ukiipatia volti 13.8 kutoka nje, inashika HF yote, mita 6, na pia zile mita 2 na sentimita 70 za hiyo Baofeng yako. Kebo moja ya USB kwa laptopu na uko kwa FT8, hakuna visanduku. Kioo chake kinakuonyesha bendi yote, unaona mtu mahali ako na unamgusa na kidole.

Ubaya ni mbili. Tyuna haina, na bei ni karibu mara tatu ya G90. Kama pesa ni shida basi wacha.

Lakini hii ya wati nataka kuikazia. Kwa balcony natumia antena ya duara ile ndogo ya shaba na kapasita, wati 5 tu, na kwa FT8 Ulaya inaingia jioni nyingi sana. Hiyo mtindo iliandikwa 2017 na Joe Taylor, ule wa Nobel ya fizikia ya 1993, pamoja na Steve Franke, kila zamu ni sekunde 15 na inasoma signali ambayo sikio lako haliwezi kusikia kamwe. Shida yangu haijawahi kuwa kusikika, shida ni kusikia. Taa za LED, chaja za simu, router ya jirani, stima yote ya jengo inapiga kelele kwa mita 40. Hata ukinipatia wati 100 leo hiyo kelele haipungui hata kidogo. Kwa hivyo kabla ununue chochote chukua redio ndogo ya shortwave, zunguka nyumba usiku, ujue kelele inatoka wapi.

Na mtu akijaribu hizi antena za duara asiguse wakati inarusha. Hata kwa wati 10 kwa ile kapasita kuna volti elfu na zaidi, inachoma.

mie_wa_maskati

Assalaam alaykum jamaani. Mie asili yangu Unguja nakaa Maskati, na huku redio ya ridhaa ina heshima yake, marehemu Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa na kolsaini (jina la kituo hewani) A41AA, na jumuiya yetu ya redio ya ridhaa, ROARS, ipo tokea 1972. Nimefurahi kuona Kiswahili kinazungumzia haya mambo.

Ndugu yangu wa Morogoro, kuna jambo moja wenzangu wamelipita. Wewe kolsaini yako itaanza na 5H. Stesheni za Tanzania zilizo hewani ni chache, na duniani kuna watu kwa maelfu wanaihitaji 5H kwenye daftari zao. Ukiita CQ (wito kwa yeyote anayesikia) mita 15 au mita 10 kwa wati 20 na kijiwaya chako, wale wa Ulaya na Japani wenye minara na antena za mihimili, zile za kuelekeza upande mmoja, ndio watakaojipinda kukusikia wewe, utapangiwa foleni mpaka uchoke. Mtu wa Ujerumani mwenye wati 20 hana bahati hiyo. Kutoka Dar mpaka huku ni karibu kilometa 4,000, mita 20 na 15 jioni zinafika bila ya taabu.

La pili ni jua. Madoa yake yakizidi ndio bendi za juu zinafunguka, na kilele cha mzunguko huu wa 25 wa madoa hayo kilikuwa 2024, tunateremka sasa. Mita 10 bado inafunguka vizuri lakini kila mwaka unaopita itazidi kupungua mpaka mzunguko mwengine uanze kupanda. Mie nna IC-7300 mezani na naipenda sana, kusikia kwake kuzuri, tyuna imo ndani, USB imo, lakini ni kilo 4 na ushee na inataka umeme uliotulia, mlimani si yake. Ukae mwaka mzima unaisubiri hiyo na huku bendi zinafungwa mbele ya macho yako, mie sikushauri hata kidogo. Chukua kinachopatikana uingie hewani.

dada_mozi

Kaka mimi nipo Dodoma na nitasema neno moja, jifunze mozi, ile ya kutuma herufi kwa milio mifupi na mirefu. Sauti ya SSB, hiyo ya kuongelea HF, inataka upana wa kama kilohetsi 2.4, mozi unaisikiliza kwenye hetsi 500 au chini, kwaiyo kelele inayoingia ni ndogo na wati zako zote zimekaa sehemu moja. Wati 5 za mozi zinapenya pale ambapo sauti ya wati 50 inaomba kurudiwa. Na ukiijua mozi redio zenyewe zinakuwa nyepesi, Elecraft KX2 ni gramu 370 hivi kabla ya betri, QMX ya QRP Labs inaingia mfuko wa shati na bei yake ni sehemu ndogo tu ya G90. Ila kwa kuanza na sauti kama unavyotaka G90 sina ugomvi nayo, ninayo hiyohiyo, na mozi inaifanya vizuri tu.

Kwa Uluguru angalia mvua. G90 haijazibwa kabisa, ina matundu ya feni, na kule ukungu unakukuta hujajiandaa, tembea na mfuko mzito wa plastiki na kijiturubai. Inayovumilia maji ni Lab599 TX-500, ni nzuri mno ila bei yake ni nyingine.

Antena ya mlimani usibebe daipoli na koaksi (kebo ya antena) ndefu. Chukua waya wa mita 20 wenye transfoma ya 49:1 kwenye ncha moja, funga jiwe kwenye kamba, rusha juu ya tawi, vuta. Unapata mita 40, 20, 15 na 10 karibu bila kugusa tyuna.

mluguru_hewani

Daah asanteni sana, Mungu awabariki, sikutegemea majibu ya hivi. Mzee wa Maskati umenimaliza na hio ya jua, 7300 naiweka pembeni. Nimeegemea G90 na mwembe nitauvamia kesho kupima urefu. Dada mozi nimekuelewa, nitaanza na herufi chache kila siku.

Maswali mawili kwa Kitangiri73 shikamoo tena. Mlimani N70 siwezi kuibeba, nichukue betri gani? Na nyumbani nikiwasha redio ndogo ya shortwave mchana inalia ziiii, jioni inaacha, ni sola hio?

Kitangiri73

Marahaba. Ndio, ni chaji kontrola ya sola. Inakata na kuunganisha umeme kwa kasi sana na waya wa kwenda kwenye paneli unageuka antena ya kurusha hizo kelele. Kuhakikisha chomoa waya wa paneli mchana, ikinyamaza umempata. Dawa yake ni ringi za feraiti kwenye nyaya zote za kontrola, uzungushe waya kwenye ringi kadri unavyoenea, na daipoli iwe mbali na paa lenye paneli. Ikishindikana chomoa tu paneli ule muda unaoongea. Inveta nayo usiiwashe, redio ichukue umeme moja kwa moja kwenye betri.

Ya mlimani chukua betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8, ya ampia-saa 6 inatosha, uzito haufiki kilo. Ukisikiliza zaidi kuliko kuongea, wastani wako utakuwa ampia moja na kidogo, kwaiyo unapata saa 5 hivi, na volti zake hazishuki mpaka inakaribia kuisha. Ila isichajiwe na hio kontrola ikiwa bado imewekwa kwenye betri ya maji, nunua chaja yake au ubadilishe mpangilio wa kontrola kwanza.

Kabla hujamlipa muuzaji nenda TCRA uulize kuhusu kibali cha kuingiza, usiagize kwanza ukauliza baadae. Wakati unasubiri fungua WebSDR (redio ya kusikiliza kupitia mtandao) ya Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi kwenye simu, ni bure, sikiliza watu wanavyoitana mita 20 na 15 ili siku yako ikifika usibabaike, na siku hiyohiyo utaitumia kujisikia mwenyewe kama umefika Ulaya.

Waya kutoka N70 mpaka redio usizidi mita mbili, tumia wa milimita 2.5 au ukipata 4 ndo vizuri, fyuzi ya ampia 10 ikae upande wa chanya karibu kabisa na betri, sio karibu na redio. Tukutane mita 40, mchana napatikana.