Kamati za maji vijijini Uganda: pampu ikifa mnachangisha, ikipona mnatoweka

Ndugu zangu wa Busia, Malaba, Arua, Koboko, Bweyale na popote mnapochota kwenye pampu ya mkono, sikuja kulia kwamba visima vimekauka. Vingi havijakauka. Maji yako pale pale chini, ila kamati imekufa na daftari lake.

Na asije mtu hapa kusema sheria haipo. Sheria ya Maji ya 1995 inawaruhusu watumiaji waunde kikundi, kikundi kiendeshwe na kamati ya maji na usafi, na kamati itoze pesa za matengenezo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inalipatia baraza la kijiji uwezo wa kutunga kanuni ndogo. Baraza hilo ni wakazi wote wenye miaka 18 kwenda juu. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akitangaza matangani kwamba "tumeamua kila nyumba ilete elfu tano", hiyo haijawa kanuni, ni sauti yake tu. Kanuni inajadiliwa kwenye mkutano, inaandikwa, inapelekwa juu ikaguliwe. Ni vijiji vingapi vyenye hata karatasi moja ya hivyo?

Kabla mtambo wa kuchimba haujafika, kijiji kinadaiwa mchango wake, makubaliano ya ardhi, mpango wa matengenezo, vyoo vya nyumbani, na kamati ambayo nusu yake ni wanawake. Vyote vinapatikana siku hiyo! Majina yanajazwa, mama mmoja anaitwa mweka hazina na pesa haziguswi na mkono wake hata siku moja. Mkandarasi akishapiga picha na kuondoka, kamati nayo imemaliza kazi.

Tupige hesabu. Kisima cha pampu hapa Uganda kinapangiwa watu 300. Tuseme nyumba 60 za watu watano. Shilingi 1,000 kwa mwezi kila nyumba ni 60,000, kwa mwaka 720,000. Hapo unapata raba, beringi, mnyororo, grisi na ujira wa fundi, na kila mwaka unaweka kidogo kwa ajili ya mabomba. Kinachofanyika ni kinyume: pampu ikiwa nzima hakuna anayetozwa. Ikifa, watu wanachangishwa mbio mbio, risiti hakuna, aliyekosa pesa anarudi kwenye kidimbwi cha ng'ombe, na kilichobaki baada ya kumlipa fundi hakijulikani kilikoishia. Mwezi unaofuata ukiomba elfu moja unaulizwa ile ya juzi iko wapi. Wana haki kuuliza. Juu ya hayo, msimu wa kura ukifika mwanasiasa anasimama jukwaani anasema maji ni bure. Sawa, maji ni ya Mungu. Raba zinauzwa dukani.

Sasa tuje kwenye pampu yenyewe, maana hapa ndipo kamati zinapoibiwa kwa kutojua. Nyingi ni U2, yaani ile India Mark II. Kila mwanakamati anatakiwa ajue dalili hizi hata kama hajashika spana maishani. Asubuhi unapampu mara nyingi kabla maji hayajafika, halafu yanatoka vizuri: vali ya chini inavuja au bomba limetoboka, na maji yamerudi chini usiku. Unapampu sana maji yanatoka kidogo kutwa nzima: raba za pistoni, ile inayopanda na kushuka ndani ya silinda kule chini kisimani, zimelika. Mpini umekuwa mwepesi na hakuna tone: rodi, yaani chuma kinachoshuka ndani ya bomba kuvuta pistoni, imekatika au imefunguka. Mpini unayumba kushoto na kulia na kupiga kelele kama mlango mbovu: beringi, na ukiziacha zinaharibu kichwa chote. Fundi asiyeanza kwa kuuliza maswali haya, anayefika na kusema "silinda imekufa, leteni pesa", mrudisheni alikotoka.

Kwenye U2, raba ya bei ndogo inahitaji kazi kubwa, kwa sababu kuifikia silinda ni lazima mabomba yote yatoke. Silinda ikiwa meta 30, hayo ni mabomba 10 ya meta 3, na la chuma lina kama kilo 10 kila moja. Kilo mia zinaning'inia kwenye klempu, kile kibano cha kushikilia mabomba. Klempu ikiteleza, kila kitu kinashuka kisimani, na kukivua ni gharama nyingine. Kwa hiyo "fundi" mwenye spana mbili na kamba asiguse. Kila wilaya iweke mafundi wa pampu waliofunzwa, na ofisa wa maji wa wilaya awe anawajua. Mwiteni fundi kama huyo, aandike alichokuta, alichobadilisha, na sehemu mbovu aiache mezani mbele ya kamati. Kijiji kinachosubiri pampu mpya kiulizie U3: bomba lake ni pana, la inchi 2½, pistoni inavutwa nje kwa rodi bila kung'oa mabomba.

Halafu maji mekundu. Mnaambiwa "ardhi yetu ina chuma". Inawezekana, lakini pimeni kwanza. Bomba la inchi 1¼ hubeba kama lita moja kwa kila meta, kwa hiyo kisima cha meta 30 kina lita 30 zilizolala ndani ya mabomba usiku kucha. Alfajiri, kabla mtu hajachota, jazeni chupa ya kwanza inayoonyesha ndani. Pampuni jerikeni kumi mfululizo, jazeni ya pili. Ya kwanza ikiwa nyekundu na ya pili safi, kutu inatoka kwenye mabomba yenu. Zote mbili zikiwa nyekundu, hapo ndipo mzungumze habari za ardhi. Maji yenye asidi, yaani kipimo chake cha pH kiko chini ya 6.5, hula mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Wizara ya Maji na Mazingira ilisimamisha matumizi yake mwaka 2016, na bado mabomba hayo yanaingizwa visimani kwa sababu ni ya bei nafuu na kamati haijui kutofautisha. Kwenye mkataba andikeni chuma cha pua, daraja la 304 au 316, na unene wake. Msikubali kuchanganya: bomba la zinki likiungwa na la chuma cha pua, la zinki huliwa haraka pale pale kwenye maungio.

Majitaka? Kijijini hatuna mfereji wa majitaka, tuna shimo. Choo kiwe angalau meta 30 kutoka kisimani, upande wa bondeni, na kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini, angalau meta 2, mkipima kipindi cha mvua. Wanaopima Januari wanajidanganya. Kwenye senta za biashara mambo ni mabaya zaidi: gesti na sehemu za kuoshea magari zimeelekeza bomba kwenye mtaro, na lori la kunyonya likija, dereva anamwaga kwenye kinamasi usiku. Msaidizi wa afya wa gombolola (tarafa ndogo chini ya wilaya) ana kazi ya kukagua haya. Akikaa ofisini, barua ya baraza la kijiji iende kwa LC3, yaani baraza la gombolola, nakala mbaki nayo.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza kuhusu mwenye shamba aliyeweka seng'enge kuzunguka kisima. Tafuteni makubaliano ya ardhi yaliyosainiwa kabla ya kuchimba. Yakipotea, nakala iulizwe gombololani au ofisi ya maji ya wilaya. Kama hayakuandikwa kabisa, andikeni sasa, mashahidi wawe majirani wa mipaka, na njia ya kupita itajwe kwa hatua. Msimlipe "kodi" ya mdomo, kwa sababu mwakani ataipandisha.

NYONGEZA 2: Kwa wale wa maji ya bomba wanaouziwa jerikeni kwenye kioski. Yuniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani jerikeni 50 za lita 20. Mkiuziwa 100 kwa jerikeni mnalipa 5,000 kwa yuniti. Ombeni bili ya kioski, gawanyeni bei ya yuniti kwa 50, muone mwenye kioski anabaki na kiasi gani. Akikataa kuonyesha bili, swali hilo lipelekeni kwa mamlaka inayomuuzia, kwa maandishi, pamoja na namba ya mita yake.