Nyie mnaojiita mafundi wa akwariamu za maji chumvi, nani kawaambia filta inaoshwa na sabuni???

Wakuu habari zenu. Nina hasira na sifichi, na modi naomba huu uzi usiufute maana duka sijalitaja jina.

Kuna duka hapa Dar linauza matangi ya maji chumvi na linakuuzia na sevisi ya kila mwezi, unalipia, fundi anakuja home anasafisha. Juzi kaja mimi nipo kazini, dada wa kazi akamfungulia, jamaa akafungua kabati la chini akatoa kila kitu kilichomo kwenye sampu (lile tanki dogo la chini linalochuja maji), sponji, soksi ya filta, ringi za kauri, mpaka vipande vya mawe, akavipeleka bomba la nje akavisugua na sabuni ya unga kama anaosha sufuria la ubwabwa. Vikang'aa kweli. Dada anasema alikuwa anajisifu kabisa kwamba tanki lilikuwa chafu sana.

Sasa huo "uchafu" ndo filta yenyewe jamani!! Ule utelezi wa kahawia kwenye ringi ni bakteria. Samaki anatoa amonia, bakteria wa kwanza wanaigeuza nitraiti, wengine wanaigeuza nitreti ambayo haina sumu kali, na kuwalea hao bakteria kwenye tanki jipya kunachukua wiki 4 hadi 6. Jamaa kawamaliza kwa sabuni na klorini ya bomba kabla hata chai haijapoa.

Usiku skima (ile mashine inayotoa uchafu kwenye maji kwa povu) ikaanza kutapika povu, kikombe kikajaa, likamwagika mpaka kwenye kabati. Skima haifanyi hivyo bila sababu, ikiingia sabuni kidogo tu ndo inachanganyikiwa hivyo, kwa hiyo hata dada asingenisimulia ningejua. Kesho yake nikapima, kipimo cha amonia ambacho siku zote kinabaki njano kikaenda kijani kibichi. Nikabadilisha maji, nikaweka kaboni mpya ya kuchuja maji, nikaongeza hewa, wapi. Kangaja wangu wa bluu akafa wa kwanza, halafu kamba msafishaji, halafu klaunifishi mmoja. Aliyebaki anahema juu juu tu.

Na kitu ambacho hawa watu wa goldfish hawataki kujifunza ni kwamba maji chumvi yana pH ya juu, 8.1 mpaka 8.4, na pH ikipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile yenye sumu. Yani kiasi kile kile ambacho samaki wa maji baridi (yasiyo na chumvi) kama goldfish angevumilia, huku kinaua. Weka na joto la Dar, maji yakipata moto hewa inapungua ndani yake, samaki anapigwa kotekote.

Nimewapigia simu dukani. Jibu lao? Eti samaki wako walikuwa wagonjwa tangu zamani, njoo tukupe wengine kwa bei nzuri. Wagonjwa wapi wakati siku moja kabla walikuwa wanagombania chakula! Na nikikumbuka tangi la rafiki yangu lilivyokufa baada ya "sevisi" ya watu hao hao, wakamwambia na yeye ni ugonjwa, napandwa na presha. Mnatufanya sisi mtaji, samaki wakifa mnauza wengine.

Kwa ambao mnahudumiwa na watu wa aina hii, simameni pale pale wakati wanafanya kazi. Ringi na mawe yanasuuzwa kwenye ndoo ya maji ya tanki lenyewe, yale unayotoa ukibadilisha maji, tena unasuuza kidogo siyo kusugua, na siyo yote siku moja. Soksi na sponji ya kukamata takataka hizo sawa zioshwe bombani bila sabuni, zikauke, na usisubiri mwezi maana kinyesi kinaozea mle mle. Kikombe cha skima na shingo yake futa mara kwa mara, mafuta yakiganda povu halipandi. Pampu ikianza kunguruma ifungue, loweka ile rota (kipande kinachozunguka ndani) kwenye vinega na maji, chokaa itatoka yenyewe. Wenye filta ya kopo (ile iliyofungwa kabisa, inakaa nje ya tanki), umeme ukikatika masaa mengi USIIWASHE tu ukirudi, mle ndani hewa imeisha bakteria wamekufa, mwaga yale maji kwanza la sivyo uozo wote unaingia kwa samaki. Halafu maji yakipungua kwa jua ongeza maji baridi yaliyochujwa, siyo ya chumvi, chumvi haipai angani, inabaki, na huyu fundi nilishamkuta anaongezea maji chumvi nikamzuia akaninunia!

Hayo siyo mambo ya chuo kikuu, mtu anayelipwa kwa kazi hiyo alipaswa ayajue kabla hajagusa tanki la mtu.

Hela ya sevisi nataka irudi na samaki wangu walipwe, risiti ninazo, meseji zao ninazo, picha za povu ninazo. Kama kuna mtu humu amewahi kudai duka la namna hii akalipwa aniambie alianzia wapi. Na mwenye fundi wa ukweli Dar au Zenji, anayejua skima na sampu, anitupie PM leo leo, huyu klaunifishi mmoja bado anapumua.